Narudi wodini baada ya miaka 7 ya kliniki ya chanjo: nipitie nini kwanza?

Kidawa_wa_Chanjo

Habari zenu wauguzi wenzangu, na shikamooni mlionitangulia.

Nimekuwa zahanati miaka 7, kazi yangu kliniki ya mama na mtoto: mizani, chanjo, kadi, na kubishana na kina baba wanaosema mwanawe alikuwa mzima mpaka alipochomwa. Sasa imekuja barua ya uhamisho. Naenda hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani, na nimebakiwa na siku 10. Wodi mara ya mwisho niliifanya nikiwa bado mgeni kazini.

Nimetoa madaftari ya chuo sandukuni. Nimerudia hatua 5 za mchakato wa uuguzi (kupima hali, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini), nimerudia mahitaji 14 ya binadamu aliyoyaorodhesha Virginia Henderson, mwananadharia wa uuguzi, mpaka nayataja huku nasonga ugali. Lakini nikijiuliza, mgonjwa akinibadilikia saa 9 usiku haya yote nayashika wapi, sipati jibu. Kazi siiogopi. Naogopa kumdhuru mtoto wa watu kwa kitu kidogo nilichodhani nakijua.

Mliopo wodini, nianze na yapi? Vitabu msinitajie, ninavyo vya kutosha.

Bibi_wa_Zamu

Marahaba mwanangu. Nimefanya wodi miaka 31, ya mwisho 12 nikiwa mkuu wa wodi. Nimestaafu, lakini saa 11 alfajiri bado naamka natafuta viatu vyeupe. Kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Henderson mpumzishe kidogo. Hakukosea, kupumua alikuweka namba 1 na nitakurudisha hapo. Ila mimi ningekuanzishia na jina la mgonjwa.

Najua umecheka. Wodi moja niliyoiongoza tulilaza wanawake wawili, wote Mwajuma Saidi, kitanda cha 6 na cha 9. Mmoja ana kisukari, mwenzake nimonia. Jioni muuguzi kijana, mwenye bidii haswa, kachukua insulini ya yule wa kisukari, kasimama katikati ya wodi kaita, "Mwajuma Saidi!" Aliyeinua mkono ni wa nimonia, ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. "Wewe ndiye Mwajuma wa sindano?" "Ndiyo, sista." Sasa wagonjwa wetu si unawajua? Hata ukimuuliza kama yeye ndiye mkuu wa mkoa atakuitikia ndiyo, sista. Kumpinga aliyevaa sare anaona ni utovu wa adabu. Aliyemwokoa ni mama muuza samaki wa kitanda cha 8: "Sista, wa sukari ni yule anayeletewa chai kwa kificho." Sindano ilikuwa imeshafunguliwa kifuniko.

Tangu siku ile wodini kwangu ilikuwa marufuku kumuuliza mgonjwa swali linalojibika kwa ndiyo. Unamwambia, "Nitajie majina yako yote," unanyamaza, yeye anataja, wewe macho yako kwenye faili. Kisha namba ya faili. Na kitanda si kitambulisho, maana wanahama usiku kufuata feni. Asiyejitambua mfunge kipande cha plasta mkononi, uandike majina na namba kwa kalamu isiyofutika. Ukiuliza ndugu, uliza vizuri: utaambiwa "huyu ni Mama Zuwena", na hilo jina kwenye faili halimo kabisa. Nimeona dada mtu hajui jina la ukubwani la ndugu yake wa tumbo moja.

La pili, pumzi. Fungua chati ya wodi yoyote ile utakuta wagonjwa 30 na wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Wote! Aliyekaa kitako anakula ndizi 20, anayekata roho 20. Hiyo imeandikwa mezani. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20, na mwili ukianza kushindwa, mara nyingi pumzi ndiyo inayotangulia kusema. Presha inaweza kubaki nzuri saa nzima huku mgonjwa anazama. Ukihesabu 26, 28, usiseme amechoka na joto. Mwite daktari.

Hapa wewe mtu wa kliniki umetuzidi. Si mlikuwa mnainua shati la mtoto mnahesabu dakika nzima, wa miezi 2 hadi 12 akifika 50 mnasema anapumua haraka? Basi mkono ni uleule, umemhamia mtu mzima. Ila mtu mzima ana ujanja: akijua unahesabu pumzi anaibadilisha. Shika kifundo cha mkono kama unahesabu mapigo, maliza mapigo, usiachie, hamishia jicho kifuani. Ataamini bado uko kwenye mapigo.

La tatu ni hesabu, na hapa usijionee haya ukachukua kalamu. Nitakupa mbili, uzifanye bila kusoma jibu.

Dripu lita 1 iishe kwa saa 8, seti yako ina matone 20 kwa mililita. Lita ni mililita 1,000, mara 20 inakuwa matone 20,000, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Sasa geuza pakiti usome: kuna seti za matone 15, na hapo ni 31. Waliozoea kufungua kwa macho, "inatiririka vizuri hiyo", ndio wanaomjaza maji mwenye moyo dhaifu.

Ya pili ndiyo iliyowahi kunitoa jasho. Sindano ya malaria kali, artesuneti, kichupa cha miligramu 60. Unaiyeyusha kwa ile mililita 1 ya baikaboneti mpaka iwe angavu. Ukitaka kuipitisha kwenye mshipa unaongeza maji ya chumvi mililita 5, basi kila mililita ina miligramu 10. Ya msuli unaongeza 2 tu, kila mililita ina 20. Mama wa kilo 50, kwa miligramu 2.4 kwa kilo, anahitaji miligramu 120, yaani vichupa viwili: mililita 12 mshipani, au 6 msulini. Dawa ile ile, mtu yule yule, ujazo tofauti. Siku umechanganya ya msuli halafu kichwa kikakukumbusha ujazo wa mshipa, umempa mara mbili. Kwa hiyo kabla hujavunja kichupa sema kwa sauti: inapita njia gani?

Insulini ivutwe kwa bomba lake lenye yuniti, basi. Mililita 1 ina yuniti 100, hivyo yuniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita, na hiyo kwenye sirinji ya mililita 5 huioni. Na potasiamu haisukumwi mshipani moja kwa moja, hata daktari akikukaripia. Inachanganywa kwenye dripu na kupita taratibu. Ikisukumwa inasimamisha moyo.

Nimechoka kuandika, nitarudi.

Zamu_Mbili_Mfululizo

Mama, heshima yako kwanza. Ila usiku wetu ni wauguzi 2 kwa wagonjwa 38, na mmoja akienda kuchukua damu maabara nabaki peke yangu. Nikihesabu pumzi dakika nzima kwa kila mtu ni dakika 38 zimekwenda, sijagusa dawa, sijamgeuza mtu. Haya mnayofundisha ni mazuri kwa wodi ambayo mimi sijawahi kuiona.

Kaka_wa_Damu

Mimi niongeze mawili tu, mengine Bibi kamaliza.

Damu: kwenye friji ikitoka ianze ndani ya dakika 30, na ikianza isizidi saa 4. Mhakiki wawili, si mmoja anasoma na mwenzake anasema "sawa sawa" huku anatazama simu. Dakika 15 za kwanza kaa pale, chukua kiti. Mgonjwa akianza kutetemeka au kulalamika mgongo, funga damu kwanza ndipo umpigie daktari. Badilisha mpira wa dripu, weka maji ya chumvi, na ule mfuko usiutupe, maabara watauhitaji.

Simu ya usiku: dada yangu, usimpigie daktari ukamwambia "mgonjwa hali si nzuri". Atakujibu endelea kumwangalia, atalala. Mwambie ni nani, kitanda gani, kalazwa na nini, saa 4 alikuwa anapumua mara 18 na sasa 30, presha ilikuwa ngapi na sasa ngapi, unahisi ni nini, na umalizie: "Naomba uje umwone." Hilo la mwisho wengi tunalimeza.

La tatu limenijia: usirudishie sindano kifuniko. Mimi nilichomwa nikirudishia, nikala dawa kinga ya VVU siku 28 na kichefuchefu chake. Ikikutokea usisubiri asubuhi. Mwisho wa kuanza ni saa 72, ila kila saa unayopoteza ni yako.

Bibi_wa_Zamu

Zamu Mbili, mwanangu, sikukatalii. Nimekesha na wagonjwa 52 peke yangu na mhudumu mmoja, miaka ambayo nyie hamjazaliwa. Ndiyo maana nasema kuchagua ni sehemu ya kazi. Zamu ikianza zunguka vitanda vyote na mwenzako anayetoka, msipokezane ripoti mezani. Unatembea unaangalia: nani kabadilika rangi, nani hakujibu salamu, nani anakaa wima kwa kushindwa kulala chali. Utapata 6, au 7. Hao ndio wa dakika nzima, na warudie. Wengine watasubiri, na ukikosa kumpima mtu acha nafasi wazi, usiandike 20. Nafasi wazi inamwambia anayekuja kwamba hakupimwa. Ile 20 yako inamlaza.

Kugeuza wagonjwa kila saa 2 wasipate vidonda vya kulalia, kwa wauguzi 2 huwezi, naelewa. Ndugu akija saa ya kuona wagonjwa mfundishe mara moja, mwonyeshe visigino na kiunoni nyuma. Anafurahi kupewa kazi. Mikono nayo, tembea na chupa ndogo ya kitakasa mfukoni, sekunde 20 hadi 30 unasugua huku unatembea. Mikono ikionekana chafu, hapo ni sabuni na maji, hakuna njia ya mkato. Wakati unaosahaulika sana ni ule baada ya kugusa kitanda na kabati la mgonjwa, hukumgusa yeye, ukadhani u safi.

Ila jina usilipunguze hata wakiwa 100.

Mwaka_wa_Pili_Stashahada

Samahani wakubwa, kwa hiyo mchakato wa uuguzi si muhimu? Tuna mtihani.

Kaka_wa_Damu

Ni muhimu mdogo wangu. Kuzunguka vitanda, kuchagua 6, kuwafanyia kitu na kuwarudia uone kama kimesaidia, huo ndio mchakato wenyewe. Kwenye mtihani uandike kwa majina ya mwalimu wako.

Kidawa_wa_Chanjo

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni. Ile ya artesuneti nilifanya kwa kalamu, mara ya kwanza nikakosea kama Bibi alivyotabiri: nilichanganya ya msuli nikatoa jibu la mshipa.

Nimenunua saa yenye mshale wa sekunde sokoni, Sh 12,000. Jana usiku nilimshika baba watoto mkono amelala, nikahesabu. Mapigo 64, pumzi 14. Kwenye sekunde ya 50 na kitu akafumbua macho: "Kuna nini?" Nikamwambia lala, umeniharibia.

Bibi, swali moja. Mgonjwa akinitajia majina matatu na faili lina mawili, mawili yenyewe yanafanana na ya jirani yake?

Bibi_wa_Zamu

Rudisha dawa kwenye troli kwanza. Kisha namba ya faili, umri, na kijiji alikotoka, akutajie yeye, na faili la jirani liwe wazi pembeni yake. Jina la tatu liongezwe kwenye mafaili yote mawili usiku huohuo, usiwaachie mapokezi ya asubuhi. Na hao wawili watenganishe vitanda, mmoja mpeleke upande wa mlangoni.