Mjadala: Je, ni halali madau ya vijana yalipe deni la uwanja wa Talanta?

Karani Mstaafu
Naomba tulijadili jambo lililotupita mwaka 2025 tukiwa katika homa ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Uwanja wa Talanta pale Jamhuri, Nairobi, unaokusudiwa kuketisha watu 60,000 kwa ajili ya AFCON 2027, ulitafutiwa fedha za ujenzi kwa hatifungani (mkopo kutoka kwa wawekezaji wanaolipwa riba) ya shilingi bilioni 44.79 iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Julai mwaka huo. Deni hilo litalipwa kwa miaka 15 kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na hazina hiyo hujazwa na kodi za kamari. Yaani serikali imeweka rehani dau ambalo halijawekwa, na pengine mwenye kuliweka bado yuko gredi ya tatu akijifunza kujumlisha. Je, serikali inayongoja kamari ilipe deni lake itapata wapi moyo wa kuizuia kamari hiyo hiyo? Mimi siupingi uwanja wenyewe. Kodi ya kamari ni kodi ambayo wajinga hujitoza kwa hiari yao, na afadhali itumike kwa jambo linaloonekana. Lakini wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na ndipo ninapouliza: wakierevuka mwaka wa nane, nani atalipa miaka saba iliyobaki?

Bodaboda wa Kayole
Mzee Karani, heshima yako iko palepale, lakini neno "wajinga" limenikwama kooni. Jana jioni nilikuwa stejini nikingoja abiria, mvua imeanza kunyesha, na kati yetu watano, watatu walikuwa wameinamia simu. Mmoja alikuwa ametuma shilingi 100 kwenye akaunti yake ya kamari, na shilingi 5 zilikuwa zimekwisha kukatwa kabla hajachagua hata mechi moja. Asubuhi yake alikuwa ametia petroli yenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mtu huyo hesabu anaijua, tena kuliko wengi wanaomhubiria. Anajua kwamba mia moja hailipi karo, haifungui duka, wala haimfanyi aaminiwe mkopo popote, na kwamba mahali pekee panapomwahidi kuwa itageuka elfu kumi ni kwenye ile simu. Anadanganywa, nakubali. Lakini aliyenunua hatifungani yako anapata riba ya asilimia 15 na ushei isiyokatwa kodi hata senti moja, na huyo humwiti mjinga, unamwita mwekezaji.

Akiba Haiozi
Ndugu bodaboda, huyo mwekezaji unayemnyoshea kidole si lazima awe tajiri mwenye kitambi. Hatifungani za namna hii hununuliwa hasa na mabenki na mifuko ya pensheni, na ndani ya mifuko hiyo mna makato ya mwalimu na ya muuguzi. Tusimchukie kila anayepata riba.

Bodaboda wa Kayole
Sikumchukia mtu. Nimeuliza kwa nini mmoja anakatwa kabla hajacheza na mwingine hakatwi hata akishavuna.

K'Ogalo Damu
Mnazungumza kana kwamba ndoa ya kamari na mpira ilifungwa Talanta. Mmesahau Januari 2018? Kodi ilipandishwa hadi asilimia 50, kampuni ya kamari ya SportPesa ikanuna, ikaondoa udhamini wake wote wa michezo nchini: ligi, shirikisho, Gor Mahia, hata na wale majirani zetu wa chui, AFC Leopards, wanaojiita Ingwe. Lakini jezi ya Everton kule Uingereza iliendelea kubeba jina lile lile bila kukosa hata mechi. Fedha zilitoka mifukoni mwa akina bodaboda, na mkono ulipobanwa aliyekatwa ni mtoto wa nyumbani.

Mwana wa Ingwe
Ilikuwa asilimia 35. Hamsini lilikuwa pendekezo la mswada wa 2017 na halikupita. Hata hivyo simlaumu ndugu yangu kwa kusahau tarakimu, kwa maana akikumbuka sana atayakumbuka na yale mabao manne ambayo Gor yake ilifungwa na hao Everton uwanjani Goodison Park mwezi Novemba 2018.

K'Ogalo Damu
Afadhali anayesafiri hadi Goodison Park akafungwa manne kuliko anayebaki nyumbani akipigia hadithi ubingwa wa 1998. Kuna vijana waliokwisha kuoa na kuzaa ambao hawajawahi kuiona Ingwe ikinyanyua kombe la ligi.

Mwana wa Ingwe
Tumezoea kejeli hiyo na haituuwi. Kilichotuumiza ni Septemba 2019, SportPesa ikiwa imekwisha kuturudia. Mwezi Julai mwaka huo Everton walikuja Kasarani, Kariobangi Sharks wakatoka nao sare ya 1-1 na kuwashinda kwa penalti 4-3, nasi tukacheza barabarani kana kwamba tumetwaa kombe la dunia. Siku chache baadaye serikali ikakataa kuhuisha leseni ya kampuni iliyoileta mechi hiyo, kukawa na mvutano wa kodi, na kufikia Septemba kampuni ikatangaza kufunga shughuli zake nchini. Gor na Leopards tulilala tukiwa na mdhamini mmoja, tukaamka tukiwa na madeni mamoja. Kwa hiyo mnapoikasirikia kampuni, kumbukeni pia viongozi wetu wa klabu waliokuwa na miaka kadhaa ya fedha hizo na hawakujenga hata uwanja wa mazoezi. Klabu yetu iliyoanzishwa 1964 haina kipande cha nyasi inachoweza kukiita chake.

Binti wa Iten
Mzee Karani aliandika maneno "jambo linaloonekana", nayo ndiyo yaliyonigusa, kwa sababu nyote mnabishana juu ya mpira kana kwamba nchi hii ilijulikana duniani kwa mpira. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiwa na ahadi ya viwanja vitano vya kisasa. Uwanja wetu wa Kamariny, ambao mabingwa wa dunia waliukimbilia ukiwa wa udongo mtupu, ulifungwa ili ukarabatiwe, ukachimbwachimbwa, kisha kazi ikakwama kwa miaka. Wakimbiaji waliokuwa na njia ya udongo wakabaki bila hata huo udongo. Anayetaka kuliona "jambo linaloonekana" aje alione, na avae viatu vya matope.

Mtumishi wa Umma
Dada, naelewa uchungu wako, lakini tusiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Wakati wa CHAN, Rais aliahidi kila mchezaji wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, shilingi milioni moja kwa kila ushindi, kisha akaipandisha hadi milioni 2.5 kwa mechi ya Zambia. Tuliifunga Kongo ya Kinshasa, tukaifunga Moroko iliyokuja kuwa bingwa, tukaifunga na Zambia. Motisha ilifanya kazi.

Binti wa Iten
Nami naelewa kwamba motisha ilifanya kazi hadi Madagascar walipotutoa kwa penalti. Swali langu ni jepesi: mchezaji huyo huyo, wiki ambayo Rais hayupo uwanjani, analipwa na nani?

Mtumishi wa Umma
Hilo ni swali la klabu na shirikisho, si la serikali. Na nashangaa kwamba watu waliokuwa wakipaza sauti barabarani Juni 2024 wakisema kodi imezidi ndio hao hao leo wanaoitaka serikali ijenge kila kitu.

Bodaboda wa Kayole
Barabarani nilikuwepo, na sikwenda kuomba uwanja. Nilikwenda kwa sababu Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka VAT ya asilimia 16 juu ya mkate. Uliondolewa siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni, na wengine wao walizikwa. Usiyachanganye hayo na kiingilio cha Kasarani.

Karani Mstaafu
Nimesoma yote, na nimefurahi kukumbushwa kuhusu Kamariny, lakini naona swali langu limeachwa nje likinyeshewa. Hebu nilirudishe ndani. Kwa kalamu na karatasi tu, asilimia 15 ya bilioni 44.79 ni karibu bilioni 6.7 za riba katika mwaka wa kwanza, kabla ya kugusa deni lenyewe. Sasa tazameni Sheria ya Fedha ya 2025: ushuru uliokuwa asilimia 15 ya kila dau ukaondolewa, mahali pake ikawekwa asilimia 5 ya fedha zinazoingizwa katika akaunti ya mchezaji, na ile kodi ya zuio ya asilimia 20 juu ya ushindi ikawa asilimia 5 ya fedha zinazotolewa. Kiwango kimeshuka katika mwaka ule ule ambao rehani iliwekwa. Ili chungu kile kile kijae, ni lazima watu waingize fedha nyingi zaidi, mara nyingi zaidi. Kampuni inataka wacheze, mwenye hatifungani anataka wacheze, na sasa Hazina nayo inataka wacheze. Nionyesheni ofisi moja katika nchi hii ambayo mshahara wake unategemea wao waache.

K'Ogalo Damu
Hapo sina la kuongeza, ila hiyo 1964 aliyoitaja Mwana wa Ingwe ndiyo iliyonishangaza. Sisi ni wa 1968 na tumewazidi mataji.

Bodaboda wa Kayole
Hesabu yako nimeifuata, Mzee, na nimeisoma mara mbili, tena nitawasomea wenzangu stejini kesho. Lakini nimepanda juu kuangalia, na neno "wajinga" bado liko palepale.