Gari ya spoti ya mkono wa pili: ninunue huku nije nayo Unguja?

Kutoka Milton Keynes

Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu,

Nina miaka sita huku Uingereza, kazi ninayo, na kwa mara ya mwanzo nimeweka akiba yangu mwenyewe. Tangu skuli naipenda BMW M3, ile ya milango miwili ya toleo liitwalo E46, iliyotengenezwa baina ya 2000 na 2006. Sasa nimeona moja inauzwa karibu na hapa, giya za mkono, rangi ya fedha, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe anataka jibu wiki hii. Nia yangu niitumie huku miaka miwili mitatu, kisha niipakie meli nije nayo nyumbani, mana usukani wake uko kulia kama gari za huko. Mama anasema nitanunua maradhi. Mnaojua naomba mniambie kabla sijatoa pesa.

Kutoka Fuoni

Waalaykum salaam mwanangu,

Nimekaa Uingereza miaka kumi na tisa, na nilirudi na gari ya milango miwili ya namna hiyo hiyo, kwa hivyo nitakwambia niliyoyaona. Uliyoichagua ni gari kweli. Silinda sita za mstari mmoja, lita 3.2, nguvu za farasi 343, na injini inazunguka mpaka mara 8,000 kwa dakika bila ya kulalamika. Sikwambii usiitake. Nakwambia usinunue rangi. Mkwaruzo unapakwa siku moja ukesha; utakachokilipia ni kilicho ndani ya injini na kilicho chini ya gari.

Mtake kitabu cha sevisi na risiti zake. Valvu za injini ile hazijirekebishi zenyewe: fundi hufungua kava, akapima nafasi, akabadilisha vibati vidogo vidogo kimoja kimoja. Ukiikuta risiti ya kazi hiyo, basi gari ilikuwa na mtu anayeijua. Uliza na beringi za konrodi, ile mikono inayounga pistoni na krenki. Za miaka ya mwanzo BMW wenyewe waliziita gari zirudi zikabadilishwe, na hata zilizobadilishwa si za maisha. Na nambari ya gari iingize kwenye tovuti ya serikali, historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni bure; utaona mileji ya kila mwaka na kila kilichoandikwa na mkaguzi.

Halafu lipa gereji wainyanyue, na uwepo mwenyewe. Nyuma, pale sakafu ya bodi inapobeba fremu ya difu (ile giya ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu), gari hizi hupasuka, na kuziba mipasuko ile ni kazi ya kushusha nyuma yote. Mimi yangu niliangalia juu tu. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi, nikafurahi nikadhani ndiyo matunzo. Masika ya mwanzo hapa ile lami ikabanduka vipande vipande, na kutu chini yake imeshakula. Barabara za huko wakati wa baridi humwagwa chumvi, kwa hivyo gari inateremka bandarini Malindi, hapa Unguja, na chumvi yake, kisha inakutana na ya bahari yetu. Mpaka leo nikenda Paje, nikirudi naiosha chini kwa maji ya mfereji kabla sijaingia ndani kula.

Sasa jambo ambalo huko hawatakwambia, kwa sababu wao hawaishi kisiwani. Safari zetu ni fupi. Fuoni hadi Darajani ni dakika ishirini, na unafika oili bado haijapata moto sawasawa. Injini ile inataka oili nzito ya 10W-60, kama lita tano na nusu, na ikiwa baridi haitaki kukamuliwa. Kwenye mita ya mizunguko kuna taa zinazokuonyesha mwisho wako, nazo huzima moja moja kadiri oili inavyopata joto. Zifuate. Wengi walioua injini hizi waliziua asubuhi, dakika kumi za mwanzo. Kila wiki toka nayo mpaka Nungwi, taratibu, ipate moto wa kweli.

Matuta ni mengi na kila moja na urefu wake, kwa hivyo usithubutu kushusha springi. Maji ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili, mana yanavuta unyevu, na hapa unyevu hatuununui. Rejeta, pampu ya maji na lile tangi la plastiki la maji ya kupozea injini ubadilishe huko huko kabla ya meli. Mafundi wetu ni hodari, Noah wanaifungua na kuifunga kabla ya adhuhuri, lakini hii inataka kompyuta yake na vipimo vyake. Oili, filta, pedi na bushi zitie kwenye pipa lako la mizigo.

Ushuru wa kuingiza usiukisie. Wape TRA, mamlaka ya mapato, mwaka wa gari na ukubwa wa injini, upate jibu kwa maandishi. Na huko, tazama tarehe ya kusajiliwa: iliyosajiliwa kabla ya 23 Machi 2006 inalipa kodi ya barabara ndogo kuliko ya baada ya hapo.

Mwenye haraka na pesa zako mwache na haraka yake.

Kutoka Muscat

Ami kasema yote, naongeza la tairi tu. Huku joto linazimaliza tairi hata kama gari imesimama. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno mazima hayakwambii kitu kama mpira umezeeka. Na M3 hiyo ya mbele ni 225/45 na ya nyuma 255/40, zote za rimu ya inchi 18, kwa hivyo huwezi kuzibadilisha mbele na nyuma. Zinunue nne mpya kabla hujapakia. Na kama kuna anayefikiria kuichukua ya huku Oman kwa bei rahisi, usukani uko kushoto, jamani.

Kutoka Milton Keynes

Ahsanteni sana. Nimeingiza nambari jana usiku. Mileji ya 2016 ni kubwa kuliko ya 2018. Nimempigia muuzaji nikamuuliza, akakata simu.

Ipo nyengine Leicester, buluu, rangi imechoka na mlango una bonde, lakini mwenyewe ana jalada zima la risiti na amenitumia picha zake. Jumamosi nakwenda, na gereji ya kuinyanyua nimeshaiweka ahadi. Ami, nikikutumia hizo risiti za valvu na beringi utanisomea?