Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwapa wajawazito wenye VVU kidonge kisicho na dawa?

Mleta mada:
Wakuu, mimi ni mfamasia, na suala hili huninyima raha kila ninapowafundisha vijana walio mafunzoni. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha kuwa AZT, dawa ya kupambana na VVU, ikitolewa kwa dozi ndefu inashusha maambukizi ya mama kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Dawa ikajulikana kuwa inafanya kazi. Bado yakafuata majaribio Afrika na Asia, Tanzania na Uganda zikiwamo, ambako baadhi ya wajawazito walipewa dozi fupi ya dawa na wengine kidonge bandia.

Hebu fikirieni dirisha la dawa. Vidonge vinafanana rangi, umbo, hata kichupa. Kinachotofautisha ni namba tu. Mama anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anakwenda kumeza kitu kisicho na dawa akiamini anamkinga mwanawe. Mtasema alisaini ridhaa. Nani kati yetu hajaona mgonjwa akisaini kwa sababu tu daktari kasema? Marekani wakati ule jaribio hilo lisingepita. Wangelinganisha dozi fupi na ile ndefu.

Mchangiaji:
Mkuu, uchungu wako nauelewa, ila dozi ndefu nani angeilipia? Karibu dola 800 kwa mama mmoja, dripu wakati wa kujifungua, na watoto wa utafiti ule wa 1994 hawakunyonyeshwa. Huku kwetu mtoto asiponyonya, kuhara kunaweza kumuua kabla ya virusi. Tulichotaka kujua ni kama dozi fupi inashinda hali yetu halisi, yaani kutokuwa na dawa kabisa. Edward Mbidde, mwenyekiti wa kamati ya utafiti wa UKIMWI Uganda, aliwaandikia Wamarekani mwaka 1997 kuwa tafiti hizo ni za Waganda wenyewe. Februari 1998 majibu ya Thailand yakatoka: dozi fupi imepunguza maambukizi kwa nusu. Kidonge bandia kikasitishwa.

Mleta mada:
La kunyonyesha nakubali, ni zito. La bei hapana: ndani ya jaribio dawa hutolewa bure, hakuna mama aliyekuwa ananunua. Na Mbidde aliweza kusema kwa niaba ya nchi. Kwa niaba ya mama yule aliye kwenye foleni, sidhani. Majibu ya Thailand yaliwafaa waliokuja baadaye. Aliyepangiwa kidonge bandia akajifungua Januari, watafiti walimrudia na nini?