Majirani Magomeni: wanaolala barazani

*Mangi Duka:* Habari za jioni majirani. Leo tena nimefungua duka nimekuta watu wanne wamelala barazani, na pembeni ya mlango wamekojoa. Mwenyekiti nakuomba sana. Wateja wananikimbia.

*Fundi Rama:* Wanne wachache. Njoo upande wa kituo cha mwendokasi usiku uone. Kuna na watoto kabisa.

*Mangi Duka:* Basi Ijumaa mgambo wapite. Mafuta ya gari nachangia mimi.

*Mama Zulfa:* Wapite wawapeleke wapi Mangi?

*Mangi Duka:* Popote.

*Mama Zulfa:* Waliopakiwa mara ya mwisho walirudi kwa miguu, nikawauzia chapati mimi mwenyewe. Hiyo popote yako ni hapa hapa 😂

*Asha Sheria:* Halafu mnawapakia kwa kosa gani? Uzururaji, vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni ule. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, hiyo iliyopo Arusha, ilitoa maoni kuwa sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

*Mangi Duka:* Maoni ya ushauri, Asha. Siyo hukumu. Mbona Marekani Mahakama yao ya Juu Juni 2024 iliupa haki mji wa Grants Pass, unaruhusiwa kuwatoza faini wanaolala nje? Na mimi nasoma.

*Asha Sheria:* Umesoma vizuri. Haya, mtoze faini mtu anayelala juu ya boksi. Akikulipa nitumie picha ya risiti.

*Mama Zulfa:* 😂😂😂

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Ndugu zangu tusikilizane. Mangi ana haki, ile biashara anailipia leseni. Ila mgambo nikiwaita leo, wiki ijayo mwenyekiti wa mtaa wa pili ananirudishia wale wale. Tunarushiana watu tu. Mwenye wazo lingine aseme.

*Mzee Pazi:* Mimi nina umri wa kukumbuka. Mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Jangwani walipelekwa Mabwepande, wakapewa viwanja. Viwanja kweli, siyo maneno. Lakini kibarua cha mtu kipo Kariakoo, nauli ya kutoka kule kila siku inatoka wapi? Wengi walirudi mjini. Ukimhamisha mtu mbali na anapopata riziki atakurudia tu.

*Mzee Pazi:* Na zile nyumba za Magomeni Kota hapa kwetu mnazijua. Kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikavunjwa, majengo mapya yamezinduliwa Machi 2022. Miaka kama kumi watu wanasubiri. Wamerudi na majengo ni mazuri, sikatai. Ila aliyekuwa hana pa kusubiria alilala wapi hiyo miaka?

*Chidi Rockford:* Shikamooni wazee. Huku bado mchana, nimewakuta mmeshafika mbali. Mangi umetaja Grants Pass, nami nitaje mji ninaokaa. Rockford, Illinois, watu kama laki moja na nusu, viwanda vingi vilishafungwa, siyo mji tajiri hata kidogo. Desemba 2015 walitangaza kuwa wamelimaliza tatizo kwa askari wa zamani waliokuwa hawana makazi, Januari 2017 wakatangaza hivyo hivyo kwa waliokaa mitaani miaka mingi.

*Mangi Duka:* Kwa hiyo huko halali mtu nje?

*Chidi Rockford:* Wanalala, nisikudanganye. Maana ya lile tangazo ni kwamba wanaoingia mtaani hawazidi wale ambao mji unaweza kuwapatia nyumba. Kesho anaweza kuingia mwingine.

*Fundi Rama:* Walifanyaje?

*Chidi Rockford:* Kitu kikubwa ni orodha ya majina. Zamani walikuwa na hesabu tu, watu kadhaa wamelala nje usiku fulani wa Januari, basi. Wakaanza kuandika kila mtu kwa jina, analala wapi, anaumwa nini, amekwama kwenye nini. Manispaa, hospitali, makanisa na mashirika wakawa wanakaa meza moja na orodha moja, wanaulizana "fulani amefikia wapi". Na mlango wa kuingilia ni mmoja, mtu hazungushwi ofisi tano akijieleza upya.

*Mangi Duka:* Chidi mdogo wangu, huko serikali kuu inawalipia watu kodi ya nyumba. Hapa nani analipa?

*Chidi Rockford:* Hapo umenishika. Hela ipo, ndiyo. Lakini hela ilikuwepo na kabla ya orodha.

*Dada Neema Ustawi:* Naomba niingie, nilikuwa zamu. Mnaposema "wale wanaolala nje" mnawafunga furushi moja watu wasiofanana. Mtoto chini ya miaka 18 analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, huyo hapandi gari la mgambo hata siku moja. Ukimuona piga 116, ni bure, au nipigie mimi. Mzee asiye na ndugu njia yake ni ustawi wa jamii, kuna makazi ya wazee ya serikali Nunge, Kigamboni. Anayetumia unga, yaani heroini, kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha, ipo Mwananyamala tangu 2012, ni bure, ila anayeanza inabidi afike kila siku. Ukimpakia ukamtupa Kibaha, dozi imekatika na kazi ya miezi imemwagika.

*Dada Neema Ustawi:* Na kundi la nne ndilo kubwa kuliko mnavyodhani. Wana kazi.

*Fundi Rama:* Hapo dada umesema. Nina kijana anabeba mizigo pale sokoni, kwa siku hakosi elfu tano, sita. Analala nje. Nikamuuliza kwa nini? Chumba Tandale elfu arobaini, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye mwezi wake. Laki mbili na elfu themanini kabla hajaingiza hata ndoo! Akiwekea mfukoni, usiku anaibiwa. Wangekuwa wanapokea mwezi kwa mwezi angekuwa ndani zamani.

*Mama Zulfa:* Wenye nyumba tuko humu humu kwenye kikundi, nawaona mmekaa kimya 👀

*Mzee Pazi:* [ujumbe umefutwa]

*Dada Neema Ustawi:* Mwenyekiti na wewe nikuulize hadharani. Barua ya utambulisho unamwandikia nani?

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Mkazi. Daftari la wakazi lina safu ya namba ya nyumba.

*Dada Neema Ustawi:* Ndiyo fundo lenyewe. Asiye na nyumba hapati barua, bila barua hapati kitambulisho cha taifa cha NIDA, bila namba ya NIDA hasajili laini. Hana laini, hawezi kuweka hata elfu mbili kwenye simu, anatembea na hela mfukoni, ndiyo hiyo anayoibiwa huyo kijana wa Rama. Ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ataisikia redioni tu.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Nikiandika barua kwa nisiyemjua akafanya uhalifu, anaulizwa nani?

*Asha Sheria:* Ndiyo maana tunataka orodha, ili uwajue.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Asha ungegombea wewe kwenye uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ukaniachia mimi kuuza mkaa wangu.

*Mangi Duka:* Sawa, ila kuna mmoja msimguse. Yule babu wa kona.

*Mama Zulfa:* Ehee! Si ulisema popote?

*Mangi Duka:* Babu ni tofauti. Anakaa macho, mwaka huu kufuli langu halijaguswa. Anatoka Kilosa. Ana kadi ya mpiga kura ameifunga kwenye nailoni tatu, moja juu ya nyingine, akaivaa shingoni ndani ya shati. Aliniomba nimsomee jina la kituo chake cha kupigia kura, amelisahau.

*Dada Neema Ustawi:* Mangi, hiyo kadi ni mtaji. Ina jina, ina tarehe ya kuzaliwa, pa kuanzia pameshapatikana. Umeshaanza orodha bila kujua.

*Mangi Duka:* Usinitie kwenye kamati zenu.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Natamka hivi. Ijumaa baada ya Isha, Neema, Mama Zulfa na mjumbe mmoja wa kamati mtapita na daftari. Jina, anatoka wapi, anafanya nini, amekwama wapi. Msipige picha, na mgambo wasionekane kabisa, watu watatimka. Nitamuuliza mtendaji kama barua inaweza kuandikwa "anapatikana eneo la" badala ya namba ya nyumba. Akikataa nalipeleka kwa diwani, aliongelee kwenye baraza la madiwani. Siyo jambo la mtaa mmoja hili.

*Mangi Duka:* Na mikojo?

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Choo cha soko kinafungwa saa mbili usiku. Nitaongea na mzabuni kiwe wazi usiku.

*Mangi Duka:* Hilo ndilo la kwanza lenye maana mlilosema tangu jioni.

*Fundi Rama:* Na kijana wangu? Mzee Pazi si una vyumba vya uani viwili vitupu?

*Mzee Pazi:* Nilijua mtafika huko. Akinidhulumu nimshike nani?

*Fundi Rama:* Mimi. Andika na jina langu kwenye mkataba.

*Mwenyekiti wa Mtaa:* Na mhuri wa mtaa utakuwepo.

*Mzee Pazi:* Mhuri haulipi kodi Mwenyekiti.

*Mama Zulfa:* Mzee wangu jamani.

*Mzee Pazi:* Chumba kimoja. Mwezi kwa mwezi, tujaribu miezi mitatu. Umeme wa luku anunue wake. Na muziki wa usiku sitaki.