Mrejesho: riwaya mlizonitajia

Wadau, naleta mrejesho. Niliomba mnitajie riwaya za Kiswahili zenye pwani ndani yake, za kusoma kwa raha na si kwa ajili ya mtihani. Ahsanteni, nimeshiba.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ndiyo iliyoninyima usingizi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza aliye makamo ya baba yake, anatoroka na kuangukia kwa Mwajuma huko mitaa ya Ng'ambo, Unguja. Huyo Mwajuma jamani! Taarabu, vituko, na maneno hayamwishi. Nilikuwa namsoma barazani kwetu Ngamiani, mama mkubwa akauliza nacheka na nani. Sasa kitabu anacho yeye na kukirudisha hataki. Siasa za Denge, mpenzi wa Yasmin anayepigania uhuru, anaziruka, anafuata mapenzi tu.

Kuli nayo nimeimaliza. Inauma. Sisi wa Tanga tuliokua tukiona bandari kila siku, habari za wapagazi wa Unguja na mgomo wao wa 1948 hazihitaji maelezo mengi.

Kwa sasa niko na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf anatolewa kwa tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, mwenyewe akidhani anakwenda kutembea tu. Naisoma polepole makusudi, isiishe.

Aliyenitajia Utengano, bado naitafuta. Na ninayoisubiri kwa hamu ni Theft ya huyohuyo Gurnah, iliyotoka 2025. Atakayesikia imetoka kwa Kiswahili anishtue.