Widal ikisoma 1:160, ni kweli nina taifodi?

Mkulima wa Alizeti: Ndugu zangu, mwaka huu nimepimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, mara tatu katika zahanati tofauti, na kila mara cheti kimeandikwa O 1:160 na H 1:160, nikaambiwa nina homa ya matumbo. Dozi za siprofloksasini nilizoandikiwa nimezimaliza zote, lakini hata sasa nisipokuwa na homa majibu ni yaleyale. Je, bakteria hawajafa, au kipimo ndicho kinachonidanganya?

Fundi Sanifu Maabara: Pole sana, ndugu. Widal haimtafuti bakteria mwenyewe, yaani Salmonella Typhi, bali hutafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya sehemu zake mbili, ukuta (O) na mikia (H); 1:160 maana yake bado zilionekana damu ilipozimuliwa mara 160. Kingamwili hizo, hasa za H, huweza kubaki katika damu kwa miezi mingi baada ya mtu kupona au kuchanjwa. Kurudia kipimo ili kujua kama umepona ni kutupa fedha. Zaidi ya hayo, Salmonella za aina nyingine zina antijeni (sehemu ambazo kingamwili huzitambua) zinazofanana na zake, na hata mgonjwa wa malaria huweza kutoa Widal chanya. Ilitakiwa damu ipimwe mara mbili, kwa tofauti ya siku 10 hadi 14, ili ionekane kama kiwango kimepanda mara nne. Lakini ni nani kwetu anayerudi akishapata nafuu?

Mama Wawili: Kwa mwanangu ilikuwa kinyume. Siku ya tatu ya homa Widal ilitoka hasi, kisha hospitali ya rufaa wakaotesha damu, yaani kuitunza maabara ili bakteria waliomo wakue, na kumkuta na taifodi.

Fundi Sanifu Maabara: Hilo hutokea, mama, kwa kuwa kingamwili huchukua takribani wiki moja kufikia kiwango cha kuonekana. Kuotesha damu humnasa bakteria mwenyewe na huonyesha dawa inayomuua, ingawa nako hukosa wagonjwa wengi, hasa waliokwisha kumeza antibiotiki. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, homa ikirudi omba kwanza upimwe malaria, kisha damu ioteshwe kabla hujameza kidonge chochote.

Mkulima wa Alizeti: Nashukuru. Nimevitazama upya vyeti vyangu vyote vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba nilipimwa malaria.