Ushauri: mashine ya kutredi nyumbani, hela ianzie wapi?

Mshumaa_Kijani
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Natredi foreksi na dhahabu nikiwa nyumbani. Nafungua MetaTrader 5, programu ya kuweka oda kwa broka, na pembeni Chrome yenye TradingView kwa ajili ya uchambuzi. Nina roboti moja, yaani programu inayotredi yenyewe, kwenye EURUSD (euro kwa dola), kwingine kote naingia kwa mkono. Mashine ni laptopu ya i5-7200U, RAM GB 8, diski ya zamani ile ya kuzunguka, Windows 10.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: zikitoka takwimu za ajira za Marekani, kila kitu kinaganda. Mshumaa, ile alama ya bei kwenye chati, unasimama, nabonyeza kufunga oda, kitufe hakiitikii, halafu bei inaruka kwa mkupuo na oda inafungwa mbali kabisa na pale nilipotaka. Hasara iliyokuwa ndogo inakua mbele ya macho yangu.

Nafikiria kuunda kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya michoro, ile ya wacheza gemu, na skrini nne, ikiwezekana sita. Je, ndiyo njia? Au laptopu mpya inatosha? Na umeme ukikatika nikiwa na oda wazi, inakuwaje?

FundiKebo
Mkuu, usinunue hata waya kwanza. Chati zikianza kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, uandike asilimia za CPU, Memory na Disk. Pembeni fungua dirisha la amri uipime ping ya ruta yako mwenyewe, yaani milisekunde inazochukua kujibu. Bila namba hizo sote hapa tutakuwa tunabashiri, na hela inayobashiriwa ni yako.

KasiKwanza
Mimi nasema ajenge tu. Mashine ya gemu ina prosesa kali, upoozaji mzuri, na nafasi ya kuongeza vitu baadaye. Ukinunua dhaifu leo, kesho unanunua tena.

BiPipi
KasiKwanza, prosesa kali sina ubishi nayo, ila kadi ya gemu hapo haina kazi. Chati ni mistari na rangi chache. Michoro ya ndani ya prosesa za Intel, UHD 630 kwa mfano, inabeba skrini 3 bila kadi yoyote. Mtu akitaka nne, zipo kadi ndogo za ofisini kama Quadro P620 yenye matundu 4 ya mini DisplayPort, na ukomo wake ni wati 40. Kadi kubwa ya gemu inakula mara kadhaa ya hapo, na wati hizo utazilipia tena ukifika kwenye kununua UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika.

Sasa skrini, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Mshumaa_Kijani, unafuata jozi ngapi za sarafu kwa wakati mmoja kwa umakini wa kweli? Kama ni mbili au tatu, skrini mbili zinakutosha: moja ya chati unayoifanyia kazi, nyingine ya muda mkubwa zaidi, kalenda ya habari na orodha ya oda. Skrini ya tatu kwangu imebaki kuwa mahali pa kuwekea vitu nisivyovitazama. Sita zinamfaa anayefuatilia masoko mengi kwa pamoja.

Angalia zaidi ubora wa maandishi. Inchi 24 kwa 1920 × 1080 inasomeka vizuri. Ukinunua inchi 27 yenye pikseli hizohizo, herufi zinakuwa nene na zenye ukungu, kwa sababu pikseli zilezile zimetandazwa kwenye eneo kubwa. Inchi 27 ichukue ikiwa na 2560 × 1440. Chagua paneli ya IPS, maana zile za TN ukikaa pembeni kidogo tu rangi zinabadilika, na kwetu sisi rangi ya mshumaa ni habari. Kisha hakikisha nyuma kuna matundu manne ya kufungia mkono wa kushikilia skrini. Ukingo wa juu ukae usawa wa macho au chini yake kidogo. Shingo yako itakushukuru kuliko kadi yoyote.

Msukaji
Nijibu la umeme, maana naona limepitwa na ndilo kubwa kuliko yote.

Oda ya kusubiri, stop losi (bei ya kufunga oda ili hasara isizidi) na lengo la faida ulivyoviweka kwenye MetaTrader vinakaa kwenye seva ya broka. Kompyuta ikizimika, vinaendelea kufanya kazi. Lakini ile stop losi inayoifuata bei yenyewe, unayoiwasha kwa kubofya oda kulia, inaendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Umeme ukikata, inaacha kufuata. Stop losi itabaki palepale ilipofikia mara ya mwisho, hata kama bei imekwenda mbali kwa faida yako na sasa inarudi.

Roboti ni hivyohivyo. Mashine ikilala, roboti imelala. Na kuna roboti zinazoficha stop losi kwa kutoituma kwa broka, zinasubiri bei ifike ndipo zifunge. Hizo zikikatikiwa umeme, oda yako haina ulinzi hata kidogo. Chunguza ya kwako leo: fungua orodha ya oda kwenye simu uone kama safu ya S/L, yaani stop losi, ina bei au imebaki tupu.

Kwa ajili hiyo, roboti ihamishie kwenye VPS, yaani kompyuta ya kukodi inayowaka muda wote kwenye kituo cha data. Hapo pia utapata unafuu wa umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 zinakugharimu kama milisekunde 10 kwenda na kurudi. Broka wengi wameweka seva zao kwenye vituo kama LD4 kule Slough karibu na London, au NY4 pale Secaucus, New Jersey. Ukiwa umbali wa kilomita 7,000, milisekunde 70 hazikwepeki hata ununue prosesa gani. Kwa anayebonyeza kwa mkono si tatizo, maana kidole chenyewe ni kizito kuliko hapo. Kwa roboti inayowinda pipi (hatua ndogo za bei) mbili tatu, ni tatizo.

Mshumaa_Kijani
Asanteni sana. Nimefanya alivyosema FundiKebo habari za riba zilipotoka. CPU ilikuwa inapanda na kushuka, haikuzidi 60. Memory 94. Disk 100, na ikaganda hapohapo 100 muda wote chati zilipoganda. Ping ya ruta mara 2, mara 180, mara haijibu kabisa. Natumia Wi-Fi, ruta iko chumba kingine.

Roboti nimeikagua pia. Safu ya S/L ni tupu. Nimeizima kwa sasa.

FundiKebo
Umefanya vizuri kuizima. Na umepata majibu mawili kwa mpigo.

La kwanza, RAM imejaa. Windows ikikosa nafasi inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo, ndiyo maana Disk inasimama 100. Prosesa yako haijazidiwa, inasubiri. Kadi ya michoro ya aina yoyote isingegusa hapo.

La pili ni Wi-Fi. Kutoka 2 hadi 180 kwenda ruta iliyo nyumba hiyohiyo maana yake oda yako inachelewa kabla haijatoka mlangoni. Vuta kebo ya mtandao. Ikishindikana kabisa, hamia masafa ya GHz 5, ruta isogee karibu.

Leo hii, bila gharama: MetaTrader nenda Tools, Options, Charts, tazama idadi ya juu ya mishumaa kwenye chati. Kama umeweka bila kikomo, shusha, kisha uizime na kuiwasha upya programu. Kwenye Market Watch ficha alama zote usizotredi, maana kila moja inapokea bei muda wote. Vichupo vya Chrome bakiza viwili.

KasiKwanza
Kwa namba hizo nakubali, kadi haihitajiki. Basi aongeze RAM ifike GB 16 na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwenye laptopu hiyohiyo, kazi imeisha.

FundiKebo
Ingeisha, ila kuna kizuizi kimoja. Prosesa yake, i5-7200U, ni kizazi cha 7, na kwa Intel Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa chipu chache sana, na ya kwake haimo. Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayoshika nywila za akaunti ya hela sitamshauri mtu aiache bila viraka vya usalama.

Pendekezo langu: zile kompyuta ndogo za mezani zilizotoka maofisini, OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny au EliteDesk Mini, zenye prosesa ya i5-8500T. Kori 6, wati 35. Ukija kujaribu mikakati, kijaribio cha MetaTrader 5 kinagawa kazi kwa kori zote wakati wa kutafuta vigezo bora, hapo utaona tofauti na kori zako 2 za sasa.

Uzuri wake mwingine, zinatumia RAM ndogo za laptopu. Kwa hiyo ukinunua sasa kijiti cha RAM aina ya DDR4 na SSD ya SATA ya inchi 2.5 ili upumue, vyote unavihamisha baadaye. Hakikisha kwanza laptopu yako inatumia DDR4, maana 7200U inakubali DDR3L pia. Na ukichukua kompyuta kubwa za kawaida za mezani, kijiti hicho hakiingii.

Msukaji
Na UPS ukinunua, soma wati, usisome VA (volti mara ampea) peke yake, maana wati huwa chache kuliko VA. Kompyuta hiyo ndogo, skrini mbili na ruta havitafika hata wati 150 kwa matumizi yetu. Ruta lazima iwe kwenye UPS. Nimeona watu wamelinda kompyuta vizuri kabisa, umeme unakatika, mashine inawaka na intaneti haipo. UPS ndogo inakupa dakika chache za kufunga au kulinda oda, usipange kutredi juu yake. Simu iwe na programu ya broka, umeshaingia tayari, na bando la kuwasha hotspoti.

Laptopu ya zamani uibakize kama akiba ya kutazamia chati tu. Betri yake ni UPS tayari.

Mshumaa_Kijani
Nimeelewa. Naanza na kebo ya mtandao, RAM na SSD, mwezi ujao mashine ndogo na skrini mbili za inchi 24, kisha UPS. Roboti itarudi ikishaanza kutuma stop losi kwa broka, na itakuwa kwenye VPS.

Swali la mwisho: skrini nilizoziona zina HDMI tu, na mashine hizo naona zina DisplayPort.

BiPipi
Nyingi zina DisplayPort mbili, au moja na HDMI moja. Kebo ya DisplayPort kwenda HDMI inafanya kazi bila shida, mradi upande wa DisplayPort ndio ukae kwenye kompyuta. Kebo hizo ni za njia moja: kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini picha haiji mpaka uwe na kigeuzi maalumu chenye umeme wake. Kabla hujalipa, soma kwenye pakiti mwelekeo ulioandikwa.